Mtafiti wa Dini Hapimi Imani ya Mtu

Kwa muda mrefu wengi wetu huku Mtwara na Lindi tumeamini kwamba anayechunguza dini kitaaluma ama ni mhubiri aliyejificha, ama amekuja kuamua dini ipi ni ya kweli. Dhana hiyo si sahihi, na inanisikitisha kwa sababu huwafanya wazee wenye kumbukumbu nyingi wanyamaze.

Chukua jando la Masasi. Mapema karne ya 20, mmisionari Mwanglikana Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliunda jando la Kikristo kwa vijana wa waumini wake. Mwanateolojia anaweza kuuliza kama hatua ile ilikuwa halali. Mtafiti wa dini huuliza mengine: nani aliamua, ngariba na wazee walibaki na mamlaka gani, mafunzo yapi yaliachwa na yapi yakapewa maana mpya. Husoma barua za misheni, kisha huzilinganisha na simulizi za wenyeji, kwa kuwa barua hueleza zaidi yale ambayo mmisionari aliyaona au aliyataka. Huomba ridhaa kabla ya kuuliza, na siri ya jando asiyoruhusiwa kuitoa haiandiki.

Imani yake mwenyewe haikani. Huiweka kando wakati wa kazi. Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya taaluma ya dini Lancaster, Uingereza, mwaka 1967, alitetea msimamo huo wa kutothibitisha wala kukanusha. Kwa hiyo Mwislamu anaweza kuchunguza Ukristo, na Mkristo Uislamu.