Nyasi bandia kwenye jua kali: yanayosemwa na yalivyo

Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa michezo wa Astrodome, Houston, Marekani, ambako nyasi hai zilikufa chini ya paa kwa kukosa mwanga. Tatizo lilikuwa jua kutofika. Leo tunazipeleka kwenye jua kali kuliko yote, na dhana zinazoandamana nazo ni nyingi.

"Zina ubaridi kama nyasi za kawaida."
Hata kidogo. Ukoka hunyonya maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Plastiki haitoi jasho. Jua la mchana likiipiga, uso wake huweza kupita nyuzi joto 60, huku kivulini ni 35 tu. Weka kiganja juu yake uhesabu hadi tano. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asipite hapo peku, wala mbwa. Kuzimwagia maji husaidia, ila muda si mrefu joto hurudi, na wewe ulizinunua ili usimwagilie! Kivuli husaidia zaidi.

"Ukishatandika, umemaliza."
Kufyeka na kumwagilia umeepuka kweli, na penye ukame hilo si jambo dogo. Lakini vumbi na majani makavu lazima viondolewe, na nyuzi zilizolala kwa kukanyagwa zisuguliwe kwa brashi ngumu zisimame. Mkojo wa mbwa, ambao udongo ungeumeza, hubaki palepale hadi uoshwe. Jua likiwaka, utaunusia mlangoni.

"Mvua ikinyesha, maji hutuama."
Zulia lenyewe lina matundu. Lawama ni ya msingi: udongo usiochimbwa, usiotiwa kokoto na kushindiliwa. Fundi anayetaka kutandika juu ya udongo mtupu, muage mapema.

"Haitumii maji, basi haidhuru mazingira."
Maji inaokoa. Ila ni plastiki, huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, na kuirejeleza ni kazi ngumu kwa sababu matabaka yake yamegandishwa pamoja.

"Nyasi zangu zimekauka, afadhali ning'oe niweke bandia."
Subiri. Ukoka uliogeuka kahawia wakati wa kiangazi mara nyingi umelala tu. Fukua kidogo ukague shina linalotambaa: likiwa gumu na jeupe ndani, lingali hai, linangoja mvua.