Æbleskiver: pankeki za mviringo za Denmark, yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitafuta mapishi ya "pankeki za Denmark za kujaza", picha ya kwanza utakayoletewa huwa ni vidonge vya duara vilivyopasuliwa katikati huku chokoleti ikichuruzika. Picha inatia njaa, lakini inapotosha. Chakula chenyewe kinaitwa æbleskiver (tamka ebleskiva), kina upana wa sentimita nne au tano hivi, na huko kwao ni kitu cha kawaida kabisa: unga, mayai, maziwa, siagi kidogo na ufundi wa mkono. Maneno mengi yanayozunguka kuhusu chakula hiki yametoka kwa wauza vikaango kuliko kwa wapishi.

Na kabla hatujaenda mbali, hizi si zile pankeki nyembamba. Wadenmark wanazo pia nyembamba, zinazofanana na chapati za maji, na huzikunja na sukari au jemu. Hicho ni chakula kingine, na kikaango chake ni kingine.

"Lazima ziwe na kitu ndani"

Hapana. Æbleskiver inayopikwa Denmark siku hizi, kwa kawaida ndani ni tupu. Jemu ya stroberi au rasiberi huwekwa kwenye bakuli, sukari laini ya unga kwenye bakuli jingine, na kila mtu anachovya mwenyewe mezani. Zamani ndani yake kulikuwa na kipande cha tufaha, na jina bado linalitaja tufaha hilo, ila tunda lenyewe limeshatoka kwenye nyumba nyingi. Hata Solvang, mji ulioanzishwa na wahamiaji wa Kidenmark huko California mwaka 1911, ambako watalii hupanga foleni kununua æbleskiver, jemu humwagiwa juu. Hii ya kujaza imevuma zaidi kwenye majiko ya nyumbani Marekani, ambako maduka huuza kikaango chake kwa jina la kikaango cha pankeki za kujaza.

Kwa hiyo ukizipika tupu hujapunguza kitu. Mimi hata nashauri uanze hivyo, ujue kwanza kuzigeuza, halafu ndiyo ufikirie vya kuweka ndani.

Ukiamua kujaza, kuna kanuni ambayo picha hazikwambii: kijazio kisiguse chuma. Jemu ya kawaida ya chupa ni nyepesi. Ukiidondosha kwenye rojo inazama hadi chini, sukari yake inakutana na chuma cha moto, inaungua na kuganda, na hapo kidonge hakitoki tena isipokuwa vipande vipande. Mimina rojo hadi nusu ya shimo, subiri nusu dakika chini paanze kushika, weka kijazio kiasi cha nusu kijiko cha chai katikati, kisha funika kwa rojo jingine. Jemu ichemshe kwanza hadi ikatae kumwagika ukiinamisha kijiko, au igandishe kwenye friza kwa matone madogo madogo. Kipande cha chokoleti hakina shida. Tufaha likatwe vipande vidogo na kupikwa kwa siagi na sukari hadi maji yakauke, maana kidonge kinaiva kwa dakika tano au sita tu, na tufaha bichi litabaki gumu ndani.

Kuna na njia ya mkato ambayo wapishi wa mashindano hawapendi kuitaja: zipike tupu, zikiiva toboa ubavuni na uingize jemu kwa mfuko wa kupambia keki. Haivuji, haiungui, na mlaji hajui tofauti.

"Zilivumbuliwa na Waviking waliopikia kwenye ngao"

Hadithi hii inapendwa sana: mashujaa wamerudi vitani, ngao na kofia zao zimebonyea, hawana sufuria, wanamimina unga kwenye mabonyeo. Ni ngano tu. Hakuna ushahidi wowote wa kihistoria unaoithibitisha. Rojo tunalolijua leo, lenye beking soda, ni jambo la jikoni la karne ya 19 kuja huku. Kabla ya hapo watu walitumia hamira, na wapo wanaoitumia hadi leo. Enzi ya Waviking ilikuwa imekwisha karne nyingi kabla.

"Bila kikaango cha Denmark huwezi"

Hapa msomaji wa pwani ana bahati kuliko jirani yake wa Ulaya asiye Mdenmark. Kikaango cha æbleskiver ni chuma kizito cha kusubu chenye mashimo ya nusu duara, mara nyingi saba: moja katikati, sita kuzunguka. Aliyewahi kupika vitumbua ameshaelewa. Na si sisi na wao tu. Wahindi wa kusini wana chao cha paniyaram, Wajapani wana cha takoyaki ya pweza, Waholanzi wana chenye vishimo vifupi vya poffertjes. Chuma ni kilekile, kinachobadilika ni rojo.

Chuma chako cha vitumbua kitafanya kazi, ila kitazame kwanza. Kama mashimo yake ni mafupi na mapana, utapata kitu kilichobonyea badala ya duara kamili, ladha haibadiliki. Kama ni cha alumini nyembamba, moto wake hupanda haraka na kushuka haraka, hivyo punguza mwali na uwe na subira. Cha kusubu huchelewa kupata moto lakini kikishaupata hakiyumbi. Kwa jiko la mkaa, tandaza makaa yaenee, usiyarundike katikati. Wenye majiko ya umeme ya kioo wahakikishe kikaango kina kitako bapa, kwa sababu vingine chini vina vinundu vya mashimo na havikai sawa.

Jambo moja tu: kama chuma hicho ndicho mama anachopikia vitumbua vya biashara, omba ruhusa. Sukari iliyoungua ndani ya shimo huondoka na ule weusi mzuri uliojengwa kwa miaka, na kesho vitumbua vyote vinaganda.

"Unageuza mara moja, kama kitumbua"

Hii ndiyo dhana inayoharibu æbleskiver nyingi kuliko zote, na sisi ndio wa kwanza kuingia mtegoni, kwa sababu mkono umeshazoea. Kitumbua unakisubiri kishike chini, unakipindua, upande wa pili unaiva, kwisha. Æbleskive haipinduliwi. Inazungushwa, robo kwa robo.

Iko hivi. Kikaango kikiwa na moto wa wastani, weka siagi kidogo kila shimo na usubiri povu litulie. Mimina rojo karibu kujaa, ukianza na mashimo ya pembeni na kumalizia la katikati, kwa sababu la katikati ndilo lenye moto mkali zaidi. Baada ya dakika moja au zaidi kidogo utaona ukingo umeshika na kubadilika rangi, huku katikati rojo bado likitikisika. Usisubiri zaidi. Chukua kijiti cha mishikaki (bibi za Kidenmark walitumia sindano ya kufumia sweta, na wengine bado wanaitumia), kichomeke ukingoni, sukuma hadi uguse chuma, kisha vuta ganda lile juu hadi lisimame wima, nusu ndani ya shimo, nusu nje. Rojo bichi lililokuwa juu litamwagika chini kwenye nafasi iliyobaki wazi. Ndicho unachokitaka. Hapo ndipo duara linapozaliwa.

Acha tena kidogo. Kisha zungusha robo nyingine, upande mwingine kidogo, ili rojo lililobaki limwagikie sehemu ambayo bado haina ganda. Baada ya mizunguko mitatu au minne utabaki na kijitundu kidogo juu; kigeuze kielekee chini kijifunge chenyewe. Kuanzia hapo ni kuviringisha tu hadi rangi ilingane pande zote. Kilichokaa shimo la katikati kitakuwa kimetangulia, basi badilishana: kipeleke pembeni, na cha pembeni kije katikati. Toboa kimoja kwa kijiti. Kikitoka kikavu, vimeiva.

Ukipindua mara moja tu, rojo lote bichi linaanguka kwa pamoja, na matokeo ni vipande viwili vilivyogundishwa kwa mshono kiunoni, pengine kimoja kikiwa kibichi moyoni. Ukichelewa mzunguko wa kwanza, ndani tayari pameshika, hakuna cha kumwagika, na unapata bakuli badala ya mpira. Mkupuo wa kwanza mara nyingi hutoka umekunjana kwa sababu chuma bado hakijasambaza moto sawasawa. Huo ni wa mpishi na watoto wanaozurura jikoni.

"Zinakaangwa kwenye mafuta mengi"

Hizi si kaimati. Ni siagi kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa kila shimo, unaongeza kila mkupuo. Tatizo la siagi ni kuungua mapema, ndiyo maana wengine huiyeyusha na kuichuja kwanza. Mwenye samli nyumbani hana haja ya kazi hiyo. Samli inafaa kabisa.

"Ukitaka zivimbe, zidisha beking pauda"

Ukizidisha utapata ladha ya dawa na duara linalopanda haraka kisha kusinyaa sahanini. Wepesi wa æbleskiver unatoka kwenye ute wa yai uliopigwa peke yake hadi usimame, na kwenye ule ugomvi mdogo kati ya maziwa chachu na beking soda. Denmark hutumia maziwa yaliyobaki baada ya kusukwa siagi. Kwetu mtindi mwepesi unafaa. Ukiwa mzito, ulegeze kwa maziwa freshi hadi umiminike. Usitumie maziwa freshi matupu pamoja na beking soda, kwa sababu soda bila uchachu haifanyi kazi yake yote, na kinachobaki unakisikia ulimini. Na beking soda si magadi. Magadi yaende kwenye kande.

Kipimo cha kuanzia: gramu 250 za unga wa ngano, mililita 400 za mtindi mwepesi, mayai matatu, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha beking soda, kijiko kimoja cha chai cha iliki ya kusaga, na ganda la limau moja lililokwaruzwa, lile la juu tu bila weupe wake mchungu. Changanya vitu vikavu, tia viini na mtindi, koroga hadi unga mkavu usionekane, basi. Mabonge madogo yaache. Ukikoroga kwa hasira kama unapiga keki ya sukari na siagi, unga unavutika na pankeki zinakuwa za mpira. Liache rojo lipumzike nusu saa, kisha wakati kikaango kinapata moto ndipo uingize ule ute uliopigwa, kwa mwiko mpana, ukiufunika taratibu kutoka chini kwenda juu. Ute ukiingia mapema, povu linakufa bakulini. Utapata vidonge kama 25, kutegemea mashimo yako.

Sukari ni kidogo makusudi. Utamu unatoka nje, kwenye jemu, na sukari nyingi ndani ya rojo hufanya ganda liwe jeusi kabla moyo haujaiva.

"Iliki ni mkono wetu tu, hawa watu hawaijui"

Wanaijua vizuri mno. Nchi za kaskazini zile, iliki iko kwenye mikate yao mitamu, na mapishi mengi ya æbleskiver ya Denmark huiorodhesha. Usiiondoe ukidhani unarudi kwenye asili.

"Ni kifungua kinywa, na kila Mdenmark anazipika mwenyewe"

Kuzila asubuhi ni mtindo wa Marekani zaidi. Denmark ni chakula cha Desemba, cha alasiri yenye giza, kuanzia zile Jumapili nne za kuisubiri Krismasi. Huliwa nyumbani, shuleni, kazini, kwenye masoko ya Krismasi, pamoja na gløgg, yaani mvinyo mwekundu uliopashwa na viungo, zabibu kavu na lozi. Watoto na wasiokunywa hupewa ya maji ya matunda, na ukitumia juisi ya zabibu yenye mdalasini na karafuu hutakosa kitu.

Na wengi wao hawashiki kijiti kabisa. Wananunua mfuko wa zilizogandishwa dukani, wanazipanga kwenye trei, wanatia oveni. Kwa hiyo wewe uliyezipika umeshawapita baadhi ya wenyewe. Zako pia zinahimili friza: zipoe kabisa, zitandaze zigande moja moja zisishikane, kisha zitie mfukoni. Siku ya kuzila ziweke oveni ya nyuzi 180 zikiwa bado na barafu, dakika kumi hivi, hadi ganda lirudishe ukavu wake. Maikrowevu ziache, inazifanya laini kama sponji iliyoloa. Asiye na oveni azirudishe kwenye kikaango chenyewe, moto mdogo, na tone la samli. Zilizojazwa jemu ndizo za kuangalia, kwa sababu jemu inapata moto kabla ya unga. Mpe mtoto baada ya kuipasua.