Wakala wa Safari Si Wakala wa M-Pesa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye duka la simu na M-Pesa karibu na gati ya Lamu, aliingia ofisini mwangu ninakouzia safari, akaketi, akaniambia: "Ami, nataka kuongeza safari kwenye biashara yangu. Sihitaji mtaji, kwa sababu nitakuwa wakala tu." Alikuwa mtu wa nne kunieleza hivyo tangu kaskazi ianze kuvuma, na kila mmoja wao alilitamka lile "tu" kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kupigiwa simu saa kumi alfajiri na mgeni aliyeachwa na ndege. Naandika haya ili wa tano nimpe asome, nami nimalizie kahawa yangu kabla haijapoa.

Kosa lenyewe limo ndani ya neno. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, Mkenya akisikia "wakala" huona kibanda, daftari na simu. Wakala huyo hutanguliza fedha zake mwenyewe, yaani floti, na muamala hukamilika pale ujumbe unapoingia. Mteja akishaondoka dirishani, hawadaiani. Hali yangu ni kinyume kabisa. Mteja ndiye anayetanguliza fedha, pengine miezi minne kabla, kwa ajili ya jambo ambalo bado halijatokea na ambalo huenda lisitokee. Ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu yangu, hapo ndipo deni langu linapoanza.

Kwa hiyo swali la kwanza si la leseni wala la jina litakaloandikwa kwenye kibao. Swali ni hili: unauza kitu cha mtu mwingine kwa jina lake, au unaunganisha vitu vya watu mbalimbali na kuviuza kwa jina lako? Ukimkatia mtu tiketi ya ndege, ukampa risiti ya shirika na masharti ya shirika, wewe ni wakala kweli, na ndege ikifutwa utamsaidia kudai lakini hudaiwi wewe. Ukichukua tiketi hiyohiyo, ukaongeza chumba Shela, boti ya kumvusha kutoka uwanja wa ndege wa Manda na mashua ya jioni, kisha ukamtajia bei moja, umekwisha kuvuka mpaka, hata kama kadi yako bado imeandikwa "wakala". Katika Umoja wa Ulaya mpaka huo umewekewa sheria ya mwaka 2015, ambayo kimsingi humfanya aliyeunganisha huduma kuwajibika kwa safari nzima, na mgeni wa kutoka huko huja na matarajio hayo kichwani. Mgeni wa Nairobi hana sheria hiyo, lakini ana simu yako.

Tuseme familia ya watu wanne inanilipa shilingi 160,000 kwa masiku manne. Ndege ni 80,000, nyumba 50,000, boti, mashua na mpishi 18,000. Zilizobaki, 12,000, ndizo zangu. Ndege ya kurudi ikifutwa jioni na familia ikahitaji kulala usiku mmoja zaidi, faida yote inaweza kwenda kwa mwenye nyumba kabla jua halijachwa. Anayeanza biashara huziona zile 160,000 kwenye simu, akanunua friji.

Machi 2020, Kenya iliposimamisha safari za kimataifa za abiria kuanzia tarehe 25, mimi nilikuwa na makundi matatu yaliyokwisha kulipa. Mwenye nyumba ya wageni mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa ameitumia arbuni, yaani malipo ya awali, niliyompelekea kuezekea makuti mapya. Makuti hayarudishwi dukani. Wageni hawakumjua yeye, risiti zilikuwa na jina langu, nami nililipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na mmoja. Tangu hapo nina akaunti mbili: moja ya fedha za wateja, ambayo siigusi hadi safari ikamilike, na moja yangu, ambayo mara nyingi haina kitu cha kuguswa. Niseme ukweli, kabla ya hapo nilikuwa nikilipia mashua ya kundi la Novemba kwa arbuni ya kundi la Desemba, na wengi katika kazi hii hufanya vivyo hivyo bila kukiri.

Kama unadhani ukubwa hukinga, kumbuka Thomas Cook ya Uingereza, iliyotokana na biashara iliyoanza mwaka 1841, ilivyoanguka Septemba 2019 huku wateja wapatao 150,000 wa nchi hiyo wakiwa nje na mahoteli yakidai malipo ya wageni waliokwisha kulala.

Leseni nitaipitia haraka: iko Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, kiko kibali cha kaunti, na ziko kodi. Kalipe. Kuhusu tiketi za ndege, ambazo kila anayeanza huzitamani, ujue kwamba mashirika ya Marekani yalianza kuwekea kamisheni kikomo mwaka 1995 na kufikia 2002 yalikuwa yameifuta ile ya msingi, na mengine mengi duniani yakafuata njia hiyo. Leo chakula chako ni ada unayomtoza mteja, na mteja ana intaneti mfukoni.

Anza na kile ambacho intaneti haikijui. Mkondo wa kuingilia magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hupita katikati ya mikoko na hauingiliki bila maji kujaa. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, katikati ya asubuhi ndio wakati wa kupwa, na ndio wakati huohuo ambao wageni hupenda kutoka. Mtu asiyetazama mwezi humuuzia mgeni matope. Maulidi nayo hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya ukutani, na aliyesahau hilo huahidi vyumba siku ambazo Lamu nzima imejaa. Wala mteja si lazima awe mzungu. Jirani anayekwenda Umra na mama anayempeleka mwanawe India kwa matibabu ni wasafiri pia, tena hawasubiri msimu.

Yapo mambo ambayo mpaka leo yananishinda. Sina uhakika kama ni haki kumtoza shangazi yangu ada ileile ninayomtoza mgeni, na nikimsamehe yeye sijui nisimamie wapi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti yetu, ya Juni 2014 na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata, niliwahi kuwaambia wateja kwamba mji wa Lamu ulikuwa shwari, nayo ilikuwa kweli. Lakini serikali ya mgeni ikishatoa onyo dhidi ya eneo, bima yake huenda isilipe, na hilo sikulitaja mpaka walipouliza. Sasa hulitaja kwanza, na wengine huahirisha. Kama nimeongozwa na uaminifu au na uoga, sijaamua.

Kijana nilimshauri achukue mashua ya mjomba wake, auze Takwa peke yake kwa msimu mmoja, na afungue akaunti ya pili kabla ya kuchapisha kadi. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akasimama mlangoni akauliza: "Na tiketi za Dubai, ami, nianze lini?"