Je, wajua? Kwa nini watu wa kuprinti wanakudai milimita 3 ambazo wataenda kuzikata na kuzitupa

Umetengeneza fulaya yako safi, saizi A5, bakgraundi nyeusi imejaa mpaka ukingoni, unatuma faili kwa jamaa wa kuprinti halafu anakurudishia swali: "blidi umeweka?" Hujaweka. Anakwambia rekebisha kwanza, na wewe unaona anakusumbua tu maana kwenye simu mbona kazi inaonekana imekamilika.

Sasa iko hivi. Blidi ni ile sehemu ya rangi au picha inayoachwa izidi nje ya mstari wa kukatia, kawaida milimita 3 kila upande, Wamarekani wao wanatumia moja ya nane ya inchi ambayo ni karibu hizo hizo. Inaprintiwa, halafu inakatwa, inaishia kwenye pipa. Kwa hiyo A5 ambayo ni milimita 148 kwa 210, faili lake linatakiwa liwe 154 kwa 216.

Kwa nini wasiprinti tu A5 kama ilivyo? Kwanza mashine kubwa haziprinti mpaka mwisho wa karatasi, ile ya ofseti inaishika karatasi kwa vidole vya chuma upande wa mbele na pale vinaposhika wino haufiki. Ndiyo maana kuna karatasi inaitwa SRA3, milimita 320 kwa 450, wakati A3 ya kawaida ni 297 kwa 420, ule uzidi wote umewekwa makusudi kwa ajili ya blidi, alama za kukatia na hivyo vidole. Unaprinti kwenye karatasi kubwa, unakata kupata ndogo.

Na shida yenyewe iko hapo kwenye kukata. Hakuna anayekata fulaya moja moja, zinapangwa mamia kwa pamoja, zinabanwa, kisu kinashuka mara moja. Kisu kikishuka kinalivuta lile rundo kidogo, karatasi ya juu na ya chini zinaweza zisilingane kabisa. Ongeza kwamba kila karatasi ilipoingia kwenye mashine haikukaa palepale ilipokaa mwenzake, ongeza unyevu, karatasi inafyonza unyevu na inatanuka, basi ukipata tofauti ya nusu milimita wala huna wa kumlaumu. Ila hiyo nusu milimita kwenye bakgraundi nyeusi inaacha kamstari keupe pembeni na jicho linakwenda hapo hapo. Ukiwa na blidi, kisu kikihama kidogo bado kinakata ndani ya rangi, hakuna anayejua.

Kama bakgraundi yako ni nyeupe pande zote na hakuna kitu kinachogusa ukingo, huhitaji blidi yoyote, usijisumbue.

Kuna janja moja naiona sana na mimi siipendi kabisa: mtu hana blidi kwa hiyo anaivuta dizaini nzima iwe kubwa mpaka ifike 154. Piga hesabu uone. Umekuza kama asilimia 4, sasa namba yako ya simu iliyokuwa milimita 3 kutoka ukingoni imesogezwa nje mpaka imebaki karibu moja ya kumi ya milimita kabla ya mstari wa kukatia, yani kisu kikiyumba kidogo tu tarakimu ya mwisho imekwenda. Kinachotakiwa kuongezeka ni bakgraundi peke yake, maandishi yabaki palepale, tena yakae ndani angalau milimita 3 mpaka 5. Na zile fremu nyembamba za kadi za harusi zinazozunguka karibu na ukingo, achana nazo, kisu kikihama kidogo upande mmoja unakuwa mnene mwingine mwembamba na blidi haiwezi kukuokoa hapo.

Kwenye Canva kuna sehemu ya kuonyesha blidi, unavuta picha mpaka ifike kule nje, halafu ukidaunilodi chagua PDF ya kuprinti na utiki alama za kukatia na blidi, watu wengi wanaisahau hiyo tiki. Word haina kitu kama hicho, tengeneza ukurasa wa 154 kwa 216 kabisa na umwambie jamaa akate ibaki A5.

Ukiwa na kijitabu cha pini katikati ndo uwe makini zaidi. Karatasi zikikunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine, zile za katikati zinachomoza nje kuliko za juu, na zinakatwa zote pamoja, kwa hiyo kurasa za katikati zinapoteza zaidi. Kijitabu kikiwa kinene, namba za kurasa zilizowekwa pembeni kabisa zinaliwa kuanzia katikati, huku kurasa za mwanzo na za mwisho ziko sawa tu.