Shule Ndiyo Iliyowavuta Waigbo Kanisani

Watu wengi hudhani mmisionari wa kwanza kuishi Onitsha, mji wa Waigbo kusini-mashariki mwa Nigeria, alikuwa Mzungu. Hapana. Julai 1857 Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeuzwa utumwani utotoni, alifika mji huo wa kando ya Mto Niger akamwacha hapo John Christopher Taylor, mzaliwa wa Sierra Leone ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo waliookolewa utumwani. Obi Akazua, mfalme wa Onitsha, akawapokea. Wote wawili walikuwa Waanglikana, hivyo Waanglikana wakawa wamewatangulia Wakatoliki kwa miaka 28.

Padri Mkatoliki Joseph Lutz na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Desemba 1885. Njia yao wenyeji wa Bagamoyo wanaijua, maana shirika lilelile lilikuwa limeanza kazi huko mwaka 1868: kununua watumwa, kuwaacha huru, kuwapa makazi karibu na misheni na kuwabatiza. Nia ilikuwa njema, ila kwa Waigbo kanisa likabandikwa jina la kimbilio la waliokataliwa. Mwenye ghala la viazi vikuu na cheo cha ozo, heshima kubwa kwa Waigbo, apige magoti bega kwa bega na mtumwa? Thubutu!

Padri Léon Lejeune aliliona hilo, na Mwairishi Joseph Shanahan, aliyeshika uongozi wa misheni hiyo ya Kikatoliki mwaka 1905, akalimaliza: fedha zilizotoka Ulaya kwa kukomboa watumwa akazielekeza kwenye shule. Kwa maoni yangu, uamuzi huo uliwaleta Waigbo wengi kanisani kuliko mahubiri yote yaliyoutangulia.

Wakati nao ulimsaidia. Waingereza walikuwa wamewapiga vita Waaro, kundi la Waigbo lililotawala biashara ya eneo hilo, mwaka 1901–1902, kisha wakaweka mahakama zao kila upande. Kijiji kisicho na msomi wake kilikuwa mikononi mwa karani wa mahakama, na karani hakuwa mtu wa kufanya kazi bure. Basi wazee wenyewe wakawa wanakwenda misheni kuomba mwalimu. Walitoa kiwanja, wakakata miti, wakakandika udongo na kuezeka. Padri akichelewa, walibisha hodi kwa Waanglikana. (Ushindani huo wa madhehebu uliwafaa wanakijiji kuliko wanavyokiri wanahistoria wa kanisa.)

Mmisionari halisi hapo ni yule mwalimu-katekista: darasani anafundisha kusoma na kuhesabu, baada ya hapo katekisimu, Jumapili anaongoza sala, maana padri alipita mara chache tu.

Wasichana waliachwa nyuma. Ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya Shanahan aanzishe Masista wa Rozari Takatifu huko Ireland mwaka 1924. Upadri wa wenyeji nao ulikwenda polepole: John Cross Anyogu alipata daraja mwaka 1930, akawa askofu mwaka 1957.

Vita vya Biafra, vya Waigbo kutaka kujitenga na Nigeria, vilipokwisha mwaka 1970, wamisionari wa kigeni walifukuzwa na serikali ikazichukua shule. Makanisa hayakufungwa, kwa kuwa mapadri, masista na makatekista wenyeji walikuwepo tayari. Miaka ya karibuni serikali ya jimbo la Anambra, ulimo mji wa Onitsha, imeyarudishia makanisa shule zake nyingi.