Gundi kwenye wembe wa kinyozi: maswali na majibu

Maswali haya huulizwa na vinyozi wetu wa Busia, upande wa Uganda, hasa wanaotumia wembe wa kukunja.

Nimebandua stika ya bei, gundi imebaki kwenye ubapa wa wembe. Kuna ubaya gani, na makali hayajaguswa?

Upo ubaya, ndugu yangu. Utoe wembe nje kwenye mwanga wa jua utazame pale panaponata. Baada ya wiki moja ya kazi pameshakuwa peusi: vinywele vifupi, povu la sabuni lililokauka, magamba ya ngozi za watu. Ukipaka spiriti, inalowesha juu tu, na kilichofunikwa na gundi kinabaki salama. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza, hata kwenye damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Ndiyo maana nasisitiza: gundi itoke kwanza, dawa ifuate.

Naitoaje bila kuharibu makali?

Kwa mafuta ya kupikia. Chovya pamba, paka penye gundi, uache dakika 10 hadi 15. Laza wembe mezani ukiwa wazi, kisha futa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Usifute kinyume, wala usiubane kwa vidole ukavuta. Gundi iliyolainika hujikunja vijipande vyeusi na kung'oka. Mabaki yafute kwa spiriti, halafu osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, suuza, ukaushe vizuri hasa kwenye kiungo cha mpini, maana kutu huanzia hapo.

Usisugue kwa waya wa kuoshea sufuria, wala usikwangue kwa wembe mwingine. Dawa ya kutoa rangi ya kucha inaondoa gundi upesi, lakini inaweza kuyeyusha mpini wa plastiki.

Huwa nabandika selotepu mgongoni ninaponoa kwenye jiwe. Je?

Ibandue mara tu umalizapo kunoa. Ikiachwa kwenye joto la kibanda cha mabati, gundi yake hulainika na kusambaa.

Spiriti ikiisha, waragi inafaa?

Haifai. Waragi ya dukani ina kilevi cha asilimia 40 hivi, na ya kienyeji hakuna aliyeipima. Ya kuua vijidudu ni spiriti ya asilimia 70. Nayo uiweke mbali na jiko na sigara.

Na jiki?

Jiki ina nguvu, na wembe ukigusa damu ndiyo ninayoiamini. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji, loweka chuma dakika 10, kisha suuza na kukausha haraka kwa sababu inakula chuma. Usiichanganye kamwe na spiriti.

Wengine wanapitisha wembe kwenye moto wa kiberiti.

Masizi yanabaki, na makali yakipata moto sana yanapoteza ugumu wake. Acheni hilo. Kama mfuko unaruhusu, nunua mpini unaobadilishwa wembe: kila mteja wembe wake mpya, mbele ya macho yake, na uliotumika utupwe kwenye kopo gumu lenye kifuniko.

Nikijikata ninaposafisha?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue kidonda. Kama wembe ulikuwa na damu ya mtu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita na humezwa siku 28. Ukiwa huko, ulizia pia chanjo ya homa ya ini B. Watoto wa Uganda walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwaka 2002, kwa hiyo kinyozi aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuchanjwa. Ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita tangu ile ya kwanza.