Mstari unaokatika kabla ya “nakupenda”

Muswada ulikuwa na kurasa 180 za mistari mifupi mifupi, imeshuka wima kama ngazi. Hadithi ya binti wa miaka 15 na penzi lake la kwanza. Nikafanya ninachofanya kila muswada wa aina hii ukinifikia: nikachukua ukurasa mmoja, nikaunganisha mistari yote ikawa aya moja, nikaisoma kwa sauti. Hakikupungua kitu. Ilikuwa nathari, tena nathari nzuri, ila mwandishi alikuwa ameikatakata.

Nahariri vitabu vya vijana, na riwaya ya kishairi, yaani hadithi ndefu iliyoandikwa yote kwa mashairi, ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote. Wengi wanaijia wakidhani ni njia ya mkato: maneno machache, kurasa nyingi, msomaji anamaliza kwa siku moja. Kuhusu msomaji wanasema kweli.

Kwetu sisi hadithi ndefu ya beti si jambo geni. Utenzi umeifanya kazi hiyo kwa karne kadhaa: mishororo minne, mizani 8, na kina cha bahari, yaani cha mshororo wa mwisho, kinachoshuka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini utenzi una mwendo wa jahazi lililopata upepo. Umebeba vita na wosia, hausitisiti. Kijana anayependa kwa mara ya kwanza husita kila hatua mbili. Atasema nusu, atameza nusu, kisha atajifanya alikuwa anazungumzia kitu kingine. Ndiyo maana riwaya nyingi za kishairi za vijana siku hizi huandikwa kwa shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, na ndiyo maana chombo chake kikubwa ni kile tulichokikariri darasani kwa ajili ya mtihani tu: mstari mshata, ule unaokatika maana ikiwa bado njiani.

Pembeni mwa muswada ule niliandika mfano wangu, binti akirudi nyumbani na yule kijana:

Mama akiuliza nitamwambia
hatukuongea.
Hatukuongea
kuanzia getini hadi kwenye kona,
vidole vyake
na vyangu
vikitafutana kama

Basi, umeishia hapo. “Hatukuongea” ya kwanza ni uongo anaoutunga kwa ajili ya mama. Ya pili ni neno lilelile, lakini limeanza mstari mpya na limegeuka kuwa kweli tupu, kweli ambayo mama asingeifurahia zaidi ya uongo. Vidole vya kijana viko mstari mmoja, vya binti viko mstari wa chini yake. Havijagusana hata kwenye karatasi. Na “kama” imebaki mdomo wazi kwa sababu binti hana tashbihi ya jambo ambalo halijawahi kumtokea. Mwandishi mwenye haraka angemtafutia moja hapo hapo: kama vifaranga, kama mizizi. Angeua shairi. Ukiiunganisha mistari hiyo iwe aya, “kama” inaonekana kosa la uchapaji. Hapo ndipo ninapojua kwamba ukataji wa mistari ulikuwa na kazi.

Waliotangulia waliyajua haya. Mshairi wa Urusi, Alexander Pushkin, alitoa “Eugene Onegin” sehemu kwa sehemu kuanzia 1825, kikatoka kizima mwaka 1833: riwaya nzima ya beti za mistari 14, mpangilio wa vina ni uleule kutoka ubeti hadi ubeti. Kisha Tatyana, msichana wa hadithi hiyo, anakaa usiku kumwandikia Onegin barua ya mapenzi, na Pushkin anauvunja ubeti. Vina vipo, lakini barua inatiririka nje ya ule mpangilio wa 14. Msimulizi anahesabu mistari. Msichana aliyependa hana muda wa kuhesabu.

Kukua nako kunaweza kuonyeshwa kwa umbo, bila mhusika kutangaza kwamba amekua. Mfano ninaowapa waandishi ni “The Poet X” ya Elizabeth Acevedo, kilichotoka 2018 na kupata National Book Award, tuzo ya vitabu ya Marekani, mwaka huohuo. Xiomara, msichana wa Harlem, New York, anayeficha mashairi yake ndani ya daftari, anapewa kazi za kuandika shuleni. Tunasoma rasimu yenye yale anayotaka kusema hasa, halafu tunasoma ile aliyoikabidhi kwa mwalimu, imepigwa pasi, haina hatari. Umbali kati ya hizo mbili ndio maisha yake. Kazi ya mwisho (wanisamehe ambao hawajakisoma) inaitwa rasimu ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja.

Kasoro ninayokutana nayo mara nyingi ni ya yule anayependwa. Kwa kuwa sauti ni moja, ya nafsi ya kwanza, mwenzake hubaki macho, tabasamu na harufu ya shati. Huwa namuuliza mwandishi: kijana huyu anataka nini siku ambayo binti hayupo? Asipojua, mashairi 100 hayatamwokoa. Wengine humpa kijana naye sura zake, ila wakasahau kumpa pumzi yake. Ukifunika majina huwezi kujua nani anasema. Mmoja akipenda mistari mirefu inayojieleza sana, mwingine aandike maneno matatu na kuondoka.

Na nasaha! Shairi linakwenda vizuri, halafu mistari miwili ya mwisho inaingia shangazi mzima kufafanua maana ya mapenzi ya kweli. Huwa nazifuta kwa kalamu nyekundu. Huyu ana miaka 15, jana alilia kwa sababu ujumbe wake ulisomwa na haukujibiwa.

Muswada ule ulirudi baada ya miezi minne. Kurasa zimepungua zikawa 130. Shairi la busu, lililokuwa na kurasa tatu na mbalamwezi mbili, sasa lina kichwa, “Jumamosi”, na chini yake mstari mmoja:

Nilisahau mwavuli kwao.

Ukurasa uliobaki ni mweupe. Mpangaji wa kurasa amenipigia mara mbili kuuliza kama kuna maneno yaliyopotea.